Chumba kimoja kwanza: somo la nyumba ndogo kutoka Dzaleka na Lilongwe

MFANYABIASHARA anayevuka daraja la mto Songwe akitokea Kasumulu ana safari ndefu mbele yake. Anapita Karonga, anapanda hadi Mzuzu, anashika barabara kuu ya M1 kuelekea kusini, na baada ya zaidi ya kilomita 600 anaingia Lilongwe. Lakini kiasi cha kilomita 40 kabla ya kufika mjini, upande wa wilaya ya Dowa, kuna mahali ambapo hahitaji mkalimani. Kiswahili chake kinatosha kuulizia bei, kuagiza chai, kutafuta fundi na kudai deni. Mahali hapo ni Dzaleka.

Jina lenyewe ni la Kichewa, na maana yake inakaribia "sitarudia tena". Enzi za utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza, na aliyetoka humo alitarajiwa aseme maneno hayo. Mwaka 1994, watu walipokuwa wakikimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu, Serikali ya Malawi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) waliligeuza eneo hilo kuwa kambi. Lilipangwa kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo lina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine kutoka Burundi na Rwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia.

Kwa hesabu ya haraka, kila mahali palipotengwa kwa mtu mmoja sasa pana wanne au watano. Swali la makala haya ni dogo kulitamka na gumu kulijibu: watu hao walale wapi? Na wewe unayepita na mzigo wako, jambo hilo linakuhusu vipi?

Ukuta wa udongo na mvua za Novemba

Nyumba ya kawaida ya Dzaleka hujengwa kwa matofali mabichi ya udongo yaliyokaushwa juani. Udongo huchimbwa jirani, hukandwa kwa miguu, hutiwa katika kalibu ya mbao na kuanikwa. Paa ni la nyasi lililofunikwa nailoni, na mwenye uwezo huweka mabati. Gharama yake ni ndogo kwa sababu sehemu kubwa ni jasho la mwenye nyumba.

Tatizo huanza msimu wa mvua, ambao Malawi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Tofali bichi halina urafiki na maji. Matone yanayoruka kutoka chini hula mguu wa ukuta kidogo kidogo, na paa fupi huacha mvua ya upepo ipige ukuta wenyewe. Mwenye nyumba haoni hatari mpaka ukuta uanze kutoa tumbo. Kila mwaka fedha ambayo ingenunua mtaji wa duka huishia kwenye viraka. Pale udongo ulipochimbwa hubaki shimo, nalo likijaa maji huwa mazalia ya mbu na hatari kwa watoto.

Msongamano nao una gharama zake. Vipimo vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za sakafu iliyoezekwa. Ni kama nafasi ya kitanda kimoja na njia ya kukizunguka. Familia ya watu sita ndani ya chumba cha mita tatu kwa tatu haifikii hata nusu ya kipimo hicho. Kifua kikuu, kikohozi na ugomvi wa majirani havihitaji mwaliko katika hali hiyo.

Amri ya mwaka 2023

Kwa miaka mingi mzigo huo wa makazi ulipunguzwa na Lilongwe yenyewe. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, mali na uhuru wa kutembea. Kisheria mkimbizi anatakiwa akae kambini. Hata hivyo, kwa muda mrefu utekelezaji ulikuwa wa kulegalega, na wengi walipanga vyumba mjini, wakafungua maduka ya rejareja, wakaoa na kuolewa, na watoto wao wakakua wakizungumza Kichewa.

Machi 2023 Serikali ilitangaza kuwa wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka ifikapo Aprili 15. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiuchumi na za usalama wa taifa, na wapo wafanyabiashara wa Kimalawi waliokuwa wakilalamika muda mrefu kuhusu ushindani. Mei mwaka huo polisi walianza operesheni ya kuwakusanya watu katika Lilongwe na miji mingine. Maduka yalifungwa, bidhaa zikauzwa kwa hasara, na familia zikarudishwa katika kambi ambayo tayari ilikuwa imejaa mara nne ya kipimo chake.

Mfanyabiashara wa mpakani aliliona jambo hilo kwenye daftari lake. Mteja aliyekuwa akichukua marobota ya vitenge au magunia ya mchele kwa mkopo wa wiki mbili alikuwa ghafla hana duka, hana chumba cha kuhifadhia mali na hana anwani. Deni lilibaki kwenye karatasi. Tangu siku hizo imekuwa wazi kwa yeyote anayefanya biashara Lilongwe kwamba makazi ya mteja ni sehemu ya dhamana ya biashara. Mtu asiye na mlango wa kufunga ni vigumu kumkopesha.

Ndiyo maana suala la nyumba ndogo, za bei nafuu na zinazojengwa kwa vipande, linastahili kusomwa na watu wa biashara kama wanavyosoma bei ya mafuta.

Nyumba inayokuja ndani ya boksi

Kuna wazo linalosifiwa sana duniani, nalo ni la nyumba inayotengenezwa kiwandani vipande vipande, kupakiwa na kuunganishwa popote. Mfano unaojulikana zaidi ni ule uliobuniwa nchini Sweden kwa ushirikiano wa UNHCR na mfuko wa kampuni ya IKEA. Ina fremu ya chuma na paneli za plastiki ngumu, mlango unaofungwa na taa ya sola. Ukubwa wake ni mita za mraba 17.5, yaani kipimo kile kile cha 3.5 kwa watu watano. Watu wanne wanaweza kuisimamisha kwa saa chache. Ilipewa tuzo ya ubunifu ya mwaka 2016 na jumba la makumbusho la Design Museum mjini London.

Ni kitu kizuri kuliko hema, hilo halina ubishi. Lakini imekusudiwa kudumu miaka michache tu, na Dzaleka ina zaidi ya miaka 30. Inaagizwa kutoka mbali, kwa hiyo bei yake hufuata dola. Paneli ikivunjika, fundi wa mtaani hana ya kubadilishia. Na Desemba 2015 mji wa Zürich, Uswisi, uliacha mpango wa kuitumia baada ya majaribio kuzua wasiwasi kuhusu moto. Wabunifu waliendelea kuiboresha, lakini kwa mpishi wa mkaa katika eneo lililosongamana, swali la moto si dogo.

Nyumba iliyochapishwa Lilongwe

Wazo la pili lilizaliwa Malawi kwenyewe. Kampuni iitwayo 14Trees, ubia wa kampuni ya saruji ya Holcim na taasisi ya uwekezaji ya Serikali ya Uingereza, ilianza kazi nchini humo mwaka 2016 kwa kutengeneza tofali la udongo, mchanga na saruji kidogo. Tofali hilo hushindiliwa kwa mashine na kuachwa likomae bila kuchomwa. Jina la kampuni lina hesabu ndani yake: wenyewe wanasema nyumba moja ikijengwa kwa tofali hilo badala ya matofali ya kuchoma, huokoa hadi miti 14.

Yeyote aliyepita barabara za Malawi anaelewa uzito wa hesabu hiyo. Matanuri ya matofali yanafuka moshi kando ya mashamba, na kila tanuri linakula kuni. Milima iliyokuwa na miombo sasa inaonyesha mgongo mtupu, na mvua ikinyesha udongo unateremkia mitoni.

Kisha kampuni hiyo ikaleta mashine ya kuchapisha nyumba, inayomimina zege laini tabaka juu ya tabaka kwa kuongozwa na kompyuta. Kuta za nyumba ya kwanza ya mfano zilisimama Lilongwe kwa saa 12. Mwaka 2021 kuta za shule zikachapishwa wilayani Salima kwa saa 18. Baadaye teknolojia hiyo ikavuka hadi pwani ya Kenya, ambako kampuni ilianzisha mradi wa nyumba 52 mjini Kilifi.

Hapa inabidi tuwe waangalifu kama tunavyokuwa tunapokagua mzigo. Saa 12 ni za kuta peke yake. Msingi, paa, milango, madirisha, choo na maji bado vinamsubiri fundi. Mashine yenyewe ni ghali na inahitaji umeme, barabara nzuri na wataalamu. Kwa mradi wa shule au nyumba nyingi mahali pamoja, hesabu inaweza kukubali. Kwa mama mwenye kibanda cha mandazi anayetaka chumba kimoja zaidi, mashine hiyo haitafika mlangoni kwake.

Kilichobaki chenye faida kwa watu wengi ni lile tofali la kwanza, lisilohitaji kuni wala kompyuta.

Tofali linalofungamana

Tofali la udongo lililoshindiliwa si geni Afrika Mashariki. Mashine ya mkono ya kulitengeneza ilibuniwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950, na mhandisi Raúl Ramírez. Ni sanduku la chuma lenye mpini mrefu, ambao mtu anauvuta chini kwa uzito wake. Baadaye wataalamu waliongeza meno na mifereji ili tofali moja likae juu ya jingine bila udongo wa kuunganishia. Nchini Uganda, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alijulikana kwa kazi hiyo, hasa katika kutengeneza matofali ya kujengea matangi ya maji. Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) kwa miaka mingi umekuwa ukifundisha vijana kufyatua matofali ya kufungamana, na mashine zake zimesambaa katika wilaya nyingi.

Faida yake kwa nyumba ndogo ni kwamba tofali lenyewe ndilo kipimo. Fundi mwashi mwenye uzoefu mdogo anaweza kupanga ukuta ulionyooka, kwa kuwa meno yanamwongoza. Saruji ya kuunganishia hupungua sana. Na chumba kikijengwa vizuri, upande mmoja unaweza kuachwa tayari kupokea chumba kingine mwakani.

Tufanye hesabu

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa mita 3.5. Kina mita za mraba 10.5, kipimo cha watu watatu. Kuta nne zina jumla ya mita 13, na zikiinuliwa mita 2.4 zinatoa mita za mraba 31.2. Toa mlango mmoja na dirisha moja, zinabaki kama 28.4.

Tofali la kufungamana lenye urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10 hufunika sehemu ndogo tu ya ukuta. Mita moja ya mraba inahitaji matofali 33. Kwa hiyo chumba kinataka kama 950. Ongeza ya kuvunjika, hesabu 1,000.

Tofali moja likiwa na uzito wa kilo 8.5, na saruji ikiwa asilimia 7 ya mchanganyiko, kila tofali linakula kama gramu 600 za saruji. Mfuko wa kilo 50 unatoa matofali kama 80. Matofali 1,000 ni mifuko 12 au 13. Kikosi cha watu wanne au watano na mashine moja ya mkono kinaweza kufyatua 300 hadi 400 kwa siku, maana yake siku tatu za kazi. Baada ya hapo matofali yafunikwe na kumwagiliwa maji kwa wiki moja hadi mbili. Wengi huharibu kazi kwa kuruka hatua hii. Tofali lililokaushwa juani haraka hubaki na unga ndani, na lawama hupewa saruji.

Sasa tuongeze chumba cha pili kinachotumia ukuta mmoja wa kile cha kwanza, ule wa mita 3.5. Kuta mpya ni mita 9.5 tu. Kwa kimo kile kile na mlango na dirisha lake, chumba cha pili kinahitaji matofali kama 670. Tumeokoa karibu theluthi. Hapo ndipo ilipo siri ya nyumba ya vipande: chumba cha kwanza ndicho ghali, kinachofuata kinapanda mgongoni mwake.

Hesabu hii haijagusa msingi wala paa. Paa ndilo linalomeza fedha, na ndilo linaloamua kama ukuta utaishi. Mabati yatokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60. Msingi uinuke juu ya ardhi kiasi cha kuzuia matone yanayoruka. Juu ya madirisha upite mkanda wa lenta unaozunguka chumba chote, maana Malawi iko katika Bonde la Ufa. Watu wa Karonga hawajasahau matetemeko ya Desemba 2009, na tangu hapo miongozo ya ujenzi salama nchini humo inasisitiza mkanda huo.

Babu zetu walikwisha jenga hivi

Msomaji wa pwani atakuwa ameanza kutabasamu. Nyumba ya vyumba vinavyoongezwa, yenye korido katikati na vyumba pande mbili, ua nyuma wenye jiko, choo na kisima, na baraza mbele ya kukalia na kuuzia, ndiyo nyumba ya Kiswahili tunayoijua kuanzia Mombasa hadi Ujiji. Mwenye nyumba alianza na vyumba viwili, akaongeza kadiri alivyopata, akapangisha chumba kimoja kimoja. Wapangaji walichangia ua, maji na ulinzi wa macho ya majirani. Leo wasanifu wanayaita hayo makazi ya pamoja ya gharama nafuu na kuyafanyia mikutano. Kariakoo na Majengo ziliyaishi.

Wako pia waliolifanya jambo hili karibu na leo. Lilongwe, katika Area 49, Shirikisho la Watu Wasio na Makazi la Malawi pamoja na asasi ya CCODE walijenga nyumba zaidi ya 200 katikati ya miaka ya 2000 baada ya kupata ardhi kutoka serikalini. Wanachama wengi walikuwa wanawake wa vikundi vya kuweka akiba. Mfuko wao wa mikopo uliitwa Mchenga, neno la Kichewa lenye maana ya mchanga, na jina hilo linafaa: punje moja haijengi kitu, lori zima linajenga.

Dar es Salaam, wakazi waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijiunga kupitia Shirikisho la Watu Maskini Mijini na kituo cha CCI. Walinunua ekari 30 Chamazi, wakafyatua matofali ya kufungamana papo hapo na kuanza na nyumba ndogo zilizochorwa ili ziongezwe baadaye.

Kenya nayo ilichukua hatua kwa upande wa wakimbizi. Kalobeyei, jirani na kambi ya Kakuma katika kaunti ya Turkana, ilifunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji waishi na kupata huduma pamoja. Msanifu maarufu wa Japan, Shigeru Ban, aliitwa kusaidia kubuni nyumba. Lakini kilichobadilisha soko kilikuwa utaratibu wa kuzipa familia fedha taslimu za kujengea, kila moja itafute vifaa na mafundi wake. Fedha iliyokuwa ikienda kwa mkandarasi mmoja mkubwa ikapita mikononi mwa wauza mawe, saruji, mbao na mabati wa eneo hilo.

Ardhi ndiyo msingi

Tukilinganisha Area 49, Chamazi na Kalobeyei, tunaona kitu kimoja kilichotangulia tofali. Watu walijua ardhi ni ya nani na wangekaa hapo muda gani. Dzaleka hawana uhakika huo. Mkimbizi hamiliki kiwanja anachokalia. Kwa vipindi tofauti kumekuwa na mipango ya kuihamisha kambi, ikiwemo kwenda Karonga. Kambi nyingine, Luwani, ilifungwa mwaka 2007 na watu wake wakaletwa Dzaleka. Nani ataweka mifuko 13 ya saruji kwenye ukuta ambao huenda akauacha?

Hivyo anayejenga tofali bichi ana hesabu yake. Anaweka fedha kidogo kwa sababu hana hakika ya kesho. Mtaalamu anayemshauri ajenge imara bila kugusa suala la ardhi anamwambia abebe hasara peke yake.

Hapa ndipo nyumba ya vipande ina jambo la kutoa ambalo nyumba ya kawaida haina. Sehemu zenye thamani zinaweza kufanywa za kuhamishika. Kenchi za mbao au chuma zikifungwa kwa nati badala ya misumari, zinashuka bila kuvunjika. Mabati yakiwekwa kwa skrubu hayatoboki ovyo yanapong'olewa. Milango na madirisha ya fremu moja ya vipimo sawa hutoka hapa na kuingia pale. Kinachobaki ardhini ni udongo ulioshindiliwa, ambao ni sehemu ndogo ya gharama. Mwenye nyumba akiamriwa kuhama leo, anaondoka na paa lake, mlango wake na madirisha yake.

Hilo halimalizi tatizo. Serikali ya Malawi ndiyo yenye mamlaka ya kuamua wakimbizi wakae wapi na kwa haki gani, na wenyeji wa Dowa nao wana madai halali juu ya ardhi, kuni na maji. Lakini kibali cha maandishi cha kukaa kwenye kiwanja kwa miaka kadhaa, hata bila umiliki, kingetosha kumfanya mtu ajenge choo cha kudumu na ukuta usioanguka. Wenyeji wangenufaika pia, kwa sababu soko la Dzaleka na kituo chake cha afya hutumiwa na vijiji vya jirani.

Nafasi ya mfanyabiashara

Kwa anayefanya biashara kati ya Mbeya, Karonga na Lilongwe, kuna mambo matano ya kuangalia.

Kwanza, nyumba ndogo zinaleta mahitaji madogo ya mara kwa mara. Mteja wa Dzaleka hanunui bando la mabati. Ananunua mabati mawili mwezi huu na matatu mwezi ujao. Anayekubali kuuza kidogo kidogo, na kutunza akiba ya mteja mpaka ifikie bei ya kifaa, anapata mteja wa kudumu.

Pili, jihadhari na geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni rahisi kuuza lakini upepo wa Oktoba huitafuta. Ukiuza bati la kwanza linalopeperuka, hutauza la pili.

Tatu, mashine ya kufyatulia matofali ni biashara kuliko tofali lenyewe. Tofali ni zito na halivumilii safari. Mashine ya mkono inapakiwa kwenye gari dogo, inakodishwa kwa siku, na inazunguka kutoka ua hadi ua. Vikundi vya watu kumi vinaweza kuimiliki kwa pamoja, Dzaleka au katika mitaa ya Lilongwe kama Mtandire na Chinsapo, ambako Wamalawi wenyewe wana shida ile ile ya makazi.

Nne, linda mtaji wako dhidi ya kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Aliyekuwa amekopesha kwa kwacha usiku ule aliamka amepoteza sehemu kubwa ya fedha yake. Mikopo ya vifaa vya ujenzi iwe mifupi, au ipimwe kwa kifaa badala ya fedha: ulichukua mabati kumi, unarudisha thamani ya mabati kumi.

Tano, karatasi zako ziwe safi. Malawi na Tanzania zote ni wanachama wa SADC, na bidhaa yenye cheti cha uasili wa jumuiya hiyo ina haki ya kunufaika na nafuu ya ushuru. Lakini mwaka 2025 nchi hizi mbili zilizuiliana mazao ya kilimo kabla ya kukaa mezani, na malori yenye ndizi na mchele yakakwama. Bati na nati haziozi. Hiyo nayo ni faida ya kufikiria unapogawa mtaji wako.

Mgeni alale wapi?

Tangu mwaka 2014 Dzaleka ina tamasha lake, Tumaini, lililoanzishwa na msanii Menes La Plume, ambaye mwenyewe alifika hapo akiwa mkimbizi kutoka Kongo. Watu hutoka Lilongwe na ng'ambo kuja kusikiliza muziki na kuangalia maigizo. Miongoni mwa mipango yake ni wageni kulala katika nyumba za wenyeji wa kambi, kula walichopika, na kulipia.

Mpango huo mdogo unatufundisha mengi kuhusu chumba. Familia iliyokuwa inahesabiwa kwa idadi ya wanaosubiri mgao, kwa siku chache inakuwa mwenye nyumba anayepokea mgeni. Na katika miaka hii ambapo mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha za wafadhili, chumba cha ziada kinaweza kuwa cherehani, saluni, stoo ya unga au kitanda cha mgeni.

Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya SADC. Viongozi walipitisha azimio hilo wakiwa Dar es Salaam. Dzaleka walikuwa wanaongea Kiswahili sokoni miaka mingi kabla ya hapo, na ndani ya soko hilo utangamano wa kanda hupimwa kwa mambo ya kawaida: nani anakopesheka, nani ana mlango wa kufunga, nani atakuwepo mvua zikikatika.

Novemba ikifika, mawingu yatajikusanya tena juu ya Dowa. Mwenye tofali bichi atapanda juu ya paa na kipande cha turubai. Jirani yake aliyepata mabati marefu na msingi wa nusu mita atakaa barazani akihesabu matofali ya chumba cha pili. Tofauti kati yao ni mifuko 13 ya saruji, mashine ya kukodi ya siku tatu, na karatasi moja inayosema anaruhusiwa kukaa. Saruji na mashine, wafanyabiashara wanaweza kuvifikisha. Karatasi ni kazi ya wenye mamlaka, nayo ndiyo inayosubiriwa.